Darasa la shingoni: programu za kubebeka kwenye flashi

Shule yetu iko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, huku ambako Julai ukungu unaingia hadi darasani. Mwaka 2018 tulipokea kompyuta 11 za msaada, zimetumika lakini nzima, zote Windows 7. Zilikuja na kila kitu isipokuwa paswedi ya msimamizi. Aliyeziandaa alikuwa amesharudi kwao na hakuna aliyejua pa kumpata. Kila tukijaribu kuinstoli programu, kinachomoza kile kidirisha cha kudai paswedi, tunabaki kutazamana. Kwa miezi mitatu chumba cha kompyuta kikawa cha kuchapia barua za ofisi. Nilikuwa nikipita dirishani roho inaniuma, maana wanafunzi wangu wa fizikia walikuwa wanajifunza saketi za umeme kwa michoro ya chaki.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu mwenzangu anayefundisha mjini, upande wa Majengo. Alikuja kusaidia kusahihisha mitihani ya moko, akachomeka flashi yake, akabofya mara mbili, na kwenye mashine ile ile iliyotugomea ikafunguka LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Nikamuuliza paswedi kaipata wapi. "Sijainstoli kitu, mwalimu," akasema, "inatoka humu humu kwenye flashi." Mkuu wa shule akaja kuangalia, akaruhusu tuendelee. Ruhusa hiyo naisisitiza: kompyuta ikiwa si yako, muulize mwenyewe kwanza. Kuna sehemu wamezuia programu zisifunguke kutoka kwenye flashi, na wana sababu zao.

Mambo yenyewe yako hivi. Programu ya kawaida ukiiinstoli inatawanya vitu vyake ndani ya Windows: mafaili kule, mipangilio kwenye rejista ya mfumo, njia mkato (shortcut) juu ya meza ya skrini (desktop). Kwa kuwa inagusa mfumo wa kompyuta yenyewe, ndiyo maana inadai paswedi. Programu ya kubebeka haitawanyiki. Kila kitu chake, pamoja na mipangilio uliyoizoea, kinakaa ndani ya folda yake kwenye flashi. Unahama kompyuta, nayo inahama nawe, inakuta kila kitu kama ulivyokiacha.

Programu za aina hii nilizipata PortableApps.com, mradi ulioanzishwa na John T. Haller kule Marekani. Ulianza mwaka 2004 kwa kivinjari cha Firefox cha kubeba kwenye flashi. Leo humo utakuta LibreOffice, GIMP ya picha, Audacity ya sauti, VLC ya video, 7-Zip ya kufungasha mafaili na nyingine nyingi, za bure na halali. Uhalali huu ni muhimu kwa mwalimu. Leseni za programu huria kama LibreOffice na GIMP zinakuruhusu kumnakilia kila mwanafunzi bila kumwibia mtu. Kinyume chake, mitaani kuna flashi zinazouzwa zikiwa na "Microsoft Office ya kubebeka". Microsoft hawajawahi kutoa kitu hicho. Ni kazi ya watu wasiojulikana, na mara nyingi ndani kuna virusi. Usikiruhusu kifike kwa watoto.

Kama kompyuta zenu ni za zamani kama zetu, angalia toleo kabla ya kuchoma bando. LibreOffice mpya kabisa hazifanyi kazi tena kwenye Windows 7, lakini matoleo ya nyuma yamehifadhiwa kwenye tovuti yao na yanatosha sana. Angalia pia kama mashine ni ya biti 32 au 64. Mashine ya biti 32 haifungui programu ya biti 64, hata ubembeleze vipi.

Lakini kilichobadilisha somo langu si programu za kuandikia, ni viigizo vya PhET, yaani majaribio ya sayansi unayoyafanya kwenye skrini. Hivi vinatoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kiigizo kimoja ni faili moja tu, unalipakua mara moja, baada ya hapo linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Baadhi vimetafsiriwa kwa Kiswahili. Siku ya kwanza niliwafungulia kidato cha pili kiigizo cha saketi, watoto wanne wanne kwenye mashine moja. Kijana mmoja akaunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu katikati, na betri ikawaka moto kwenye skrini. Darasa zima likasimama. Nilikuwa nimeshaeleza shoti kwa maneno, kwa mchoro na kwa hesabu, wakaandika na kunyamaza. Siku hiyo maswali yalikuwa mengi hadi kengele ikagonga: kwa nini imewaka, je tukiongeza ukinzani, je nyumbani ikitokea nani anazuia. Swali la mwisho ndilo lililotufikisha kwenye fyuzi, mada ambayo nilipanga kuifundisha wiki ya mbele.

Ongeza Kiwix pia. Ni programu ya kusomea Wikipedia na maandiko mengine bila mtandao, na ya Windows haihitaji kuinstoliwa. Wikipedia ya Kiswahili inaenea kwenye flashi bila shida. Ya Kiingereza yote pamoja na picha ni kubwa mno, kwa hiyo chukua mafungu ya somo moja moja, kama fizikia au kemia. Jambo moja lilinitesa wiki nzima: flashi iliyopangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Inakuambia faili ni kubwa mno wakati wewe unaiona tupu. Dawa ni kuipanga upya (format) kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, ila kumbuka kutoa vyote vilivyomo kwanza, kwa sababu kupanga upya kunafuta.

Flashi yenyewe usiinunue kwa macho. Niliwahi kununua moja kwa mchuuzi, imeandikwa GB 128, ikaanza kuharibu mafaili baada ya GB 7 hivi. Siku hizi kila flashi mpya naipima kwa H2testw, programu ndogo ya bure inayoijaza flashi yote kisha kusoma ilichoandika. Inachukua muda, lakini nafanya hivyo kabla ya kumkabidhi mtoto kitu.

Kuhusu kasi: LibreOffice ikifunguliwa kutoka kwenye flashi kupitia tundu la USB 2.0 inajivuta. Sisi tunainakili folda nzima kwenye meza ya skrini asubuhi, tunaifungulia hapo, kazi tu ndiyo inahifadhiwa kwenye flashi. Kunakili folda hakukuhitaji paswedi kwetu.

Sasa virusi, maana hapa ndipo walimu wengi wanakata tamaa. Ukichomeka flashi kwenye steshenari yenye msururu wa wateja, unaweza kurudi nayo folda zote zimegeuka njia mkato. Usizibofye. Kazi zako kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa. Safisha flashi kwa antivirusi, halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako), na mafaili yatajitokeza. Kinga niliyoiona inafaa zaidi ni kuwa na flashi mbili. Moja ya kazi, haiendi steshenari kamwe. Nyingine ya bei ndogo, tupu, unayoiwekea PDF ya kuchapisha tu. Ikirudi na ugonjwa, unaipanga upya na maisha yanaendelea. Nakala mama ya programu zote mimi naiweka kwenye kadi ya SD yenye kile kiswichi cha pembeni cha kufunga uandishi.

Na usiweke kazi mahali pamoja tu. Mwaka 2021 alama za kidato cha pili zilikuwa kwenye flashi yangu peke yake. Umeme ukakatika katikati ya kuhifadhi. Uliporudi, faili lilikuwepo kwa jina, ndani hamna kitu. Nilikaa usiku mbili kuziingiza upya kutoka kwenye karatasi za majibu, na nashukuru nilikuwa sijazigawa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nanakili folda ya kazi kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani. Wanafunzi nao nimewafundisha kutochomoa kabla ya kubofya ile alama ndogo karibu na saa na kusubiri ruhusa. Wanaona kama nawachelewesha, lakini hakuna anayeruka hatua hiyo mbele yangu.

Wale mliopata vishikwambi vya sensa ya 2022: programu hizi za Windows hazifunguki humo, kwani vinatumia Android. Hata hivyo Kiwix ya Android ipo, na faili ulilopakua kwa ajili ya kompyuta ndilo hilo hilo inalolisoma.

Kila mwanafunzi wa klabu yetu ya kompyuta ana flashi yake, GB 16 au 32. Wazazi wengine wamenunua, nyingine tumechangishana walimu. Mtoto anayegawana mashine na wenzake watatu anapata angalau kitu kimoja ambacho ni chake: folda yake, mpangilio wake, kazi aliyoiacha jana. Wakimaliza kidato cha nne wanaondoka nazo. Mwaka jana niliingia steshenari moja karibu na stendi ya Moshi, nikasikia "Shikamoo, mwalimu" nyuma yangu. Binti niliyemfundisha, flashi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu kama zamani. Marahaba, mwanangu, unafanya nini huku? Alikuwa anaomba nafasi chuo cha uuguzi. Barua ameiandika kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, kwa LibreOffice yake mwenyewe. Zamu yake ilipofika, ile ya shingoni hakuigusa. Alitoa mfukoni flashi nyingine ndogo, akampa kaka wa steshenari: "Kuna faili moja tu humo, PDF. Nitolee nakala mbili."