Abee si neno la kitumwa

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Umesema kazini wamekucheka kwa kuitika "abee", wakakwambia ni neno la kitumwa, nawe unataka kujua asili yake kabla hujamfundisha binti yako.

Abee ni labeka iliyofupishwa. Wengine wameikata zaidi ikabaki "bee". Na labeka ni Kiarabu, labbayka, ileile wanayoitamka mahujaji wakishahirimia, yaani wakishatia nia ya hija: Labbayka Allahumma labbayk. Yaani nimekuitika, nipo, niagize. Wanasarufi wengi wa Kiarabu husema limejengwa kwa umbo la uwili, kama vile mtu anaitika na kuitika tena. Ndiyo maana halipendezi kwenye mdomo mzito. Mtu akisema abee na macho yake yako kwenye simu, huyo hajaitika bado.

Kuhusu utumwa, sikatai. Ujiji yetu hii ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, na watumwa walipitishwa hapa. Mabwana walipenda kuitikiwa labeka. Lakini neno lilikuwepo kabla yao, tena si lao. Muadh bin Jabal, mwanamume na mwanachuoni, Mtume alimwita mara tatu, na mara zote tatu aliitika labbayka. Nani atasema alijidhalilisha?

Mimi kinachonikera ni kingine. Tumeligawa: wa kike abee, wa kiume naam. Hiyo naam nayo ni ya Kiarabu, ila ni "ndiyo" tu, haimwinui mtu kitako. Nyumbani kwetu kaka zangu waliitika naam na wakabaki mkekani. Sisi wasichana abee ilitutoka tukiwa tumeshasimama, ndoo mkononi. Neno zuri likageuzwa zamu ya kuchota maji.

Kwa hiyo mjukuu wangu mfundishe, na mdogo wake wa kiume afundishwe hiyohiyo, tena ainuke. Kazini itika upendavyo. Hao wanaocheka ukiwaambia "ndiyo, mkuu" watanyamaza. Ila nikikupigia simu mimi, ile "sema, mama" yako siitaki.

Mama yako