Usiifute sneya halisi

Ndugu, umeuliza kama uifute sneya (ngoma ndogo ya seti yenye nyaya chini yake) uliyorekodi katika chumba chako kidogo pale Umoja na kuweka sampuli, yaani sauti ya pigo la ngoma iliyorekodiwa tayari, mahali pake. Nakusihi usiifute. Ichanganye na sampuli kwa kiasi, kwani yale mapigo mepesi ambayo mpigaji huyagusa kwa ncha ya kijiti hupoteza uhai wake sampuli moja inapolia kwa nguvu ileile kila mara. Kuza picha ya mawimbi ya sauti, sogeza sampuli ianze pamoja na pigo halisi, kisha geuza poleriti ya sampuli, yaani pindua wimbi lake juu chini, na uchague upande wenye besi nzito zaidi. Matoazi yakivuja ndani ya maikrofoni ya sneya na kuiamsha sampuli pasipo pigo, pandisha kizingiti cha programu inayoiamsha sampuli, yaani kiwango cha sauti kinachohitajika ili ilie, na mapigo mepesi yatakayokosekana uyaweke kwa mkono.