Kuwinda elki kwa upinde Colorado: anzia kwenye leseni, upepo na nyama

Elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika ya Kaskazini ambaye wengine humwita wapiti, huzidi kilo 300 akiwa dume aliyekomaa. Colorado ndilo jimbo la Marekani lenye elki wengi kuliko yote, lakini katika msimu wa mishale ni karibu mwindaji mmoja kati ya kumi anayerudi na nyama. Wengi wa wale wanaorudi mikono mitupu walikuwa na pinde nzuri. Kilichowakwamisha ni leseni, pumzi au upepo. Kama umeiota safari hii kwa miaka mingi na sasa umeamua kwenda, fedha na muda wako vielekeze huko kwanza.

Leseni huombwa majira ya kuchipua, na safari ni Septemba. Tangu 2025, asiye mkazi wa Colorado hapati tena leseni ya kununua moja kwa moja kwa uwindaji wa elki kwa upinde upande wa magharibi wa jimbo. Anaingia kwenye droo, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Ukikosa kitalu ulichoomba kama chaguo la kwanza, unapata pointi ya upendeleo itakayokusaidia mwaka unaofuata. Vitalu maarufu hudai pointi za miaka mingi, kwa hiyo mgeni afadhali aombe kitalu cha kawaida chenye ardhi kubwa ya umma, akakijue. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Leseni ya mgeni inazidi dola 700, hata kabla ya mafuta ya gari na chakula. Ukiipenda Wyoming, jua kwamba sheria yake inamtaka mgeni awe na kiongozi ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu.

Elki wa Septemba wanakaa kwenye mita 2,500 hadi 3,500. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaijua hewa hiyo: Mandara iko mita 2,720 na Horombo 3,720. Fika siku mbili kabla, lala chini kidogo ya utakapowinda, kunywa maji mengi. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu yakizidi, shuka. Mazoezi yaanze miezi minne kabla: kupanda vilima au ngazi ukiwa na mzigo mgongoni, kilo 10 mwanzoni, ukifika kilo 25 mwezi wa mwisho.

Upinde wenyewe hauna haja ya kuwa wa gharama. Sheria ya Colorado inataka uzito wa kuvuta usiopungua ratili 35, lakini kwa elki upinde wa roda (wa kisasa, wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake) wa ratili 60 hadi 70 ndio unaofaa, mradi uuvute polepole ukiwa umekaa, bila kuunyanyua juu kama unayetungua embe. Mshale mzima, pamoja na chembe, yaani ncha yake ya chuma yenye makali, uwe na gramu 28 hadi 32. Mshale mwepesi huenda kasi lakini hukwama kwenye mbavu. Chembe iwe na upana wa angalau milimita 22 na makali mawili au zaidi. Mimi ninashauri chembe zisizofunguka, kwa sababu zile za kujikunjua hutumia nguvu ya mshale kufunguka, na zikigonga mfupa pembeni huacha njia. Makali yake yaweze kunyoa nywele za mkono, na chembe uliyoitumia mazoezini inolewe upya kabla ya kuwinda.

Fanya mazoezi hadi mita 55, lakini porini jiwekee mpaka wa mita 35. Kipimo cha kweli ni mshale wa kwanza wa siku, mwili ukiwa haujapata moto. Zoea pia kupiga ukiwa umepiga magoti, na kwenye mteremko. Mnyama aliye umbali wa mita 40 kutoka kwako, chini kwenye mteremko wa nyuzi 30, hupigwa kama aliye mita 35, na asiyelijua hili hupitisha mshale juu ya mgongo.

Sasa upepo, ambao ndio unaoharibu mawindo mengi kuliko kitu kingine chochote. Elki akikuona anaweza kusimama akutazame. Akikusikia, huenda akadhani ni elki mwenzake. Akikunusa ameondoka, na kundi zima pamoja naye. Milimani hewa ina ratiba. Usiku inapoa na kuteremka mabondeni kama maji, na inaendelea kushuka asubuhi mpaka jua lichemshe miteremko, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa nne. Kuanzia hapo inapanda hadi alasiri, kisha inageuka tena, ikianzia miteremko iliyoingia kivulini. Kwa hiyo alfajiri uwe chini ya elki au ubavuni mwao, na mchana uwe juu yao. Ile saa ya kugeuka, hewa inapozunguka huku na huko, kaa kitako usisogee. Watu wengi huwafukuza elki saa hiyo kwa sababu wamewasikia karibu na hawawezi kusubiri. Beba chupa ndogo ya poda, uibonyeze kila baada ya hatua chache, na utazame vumbi linakoenda hata pale unapodhani unajua.

Mchana utawakuta wamelala kwenye misitu minene ya miteremko inayotazama kaskazini. Kule jua hupita upande wa kusini, hivyo miteremko hiyo ndiyo yenye ubaridi.

Septemba ni msimu wa kupandana, na madume hupiga mbinja ndefu inayosikika mbali. Mgeni hupenda kujibu kila mbinja. Dume mwenye majike akisikia mpinzani mara nyingi hukusanya majike yake na kuondoka, kwa hiyo mlio laini wa jike ni salama zaidi. Mkiwa wawili, mwitaji akae mita 40 hadi 60 nyuma ya mpigaji, kwa sababu dume huja akizunguka kutafuta harufu ya anayeita, na hapo ndipo humpitia mpigaji karibu.

Piga mnyama akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo, kichwa kikielekea mbali nawe. Lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Anayekutazama uso kwa uso mwache. Mfupa wa bega husimamisha mshale. Mwislamu apige bismillah anapoachia mshale, na akimkuta mnyama bado hai, amchinje.

Baada ya kupiga, tia alama mahali aliposimama, kisha chunguza mshale. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu: subiri nusu saa hadi saa moja. Damu nyeusi-nyeusi ni ya ini: saa nne hadi sita. Mshale wenye uchafu wa tumbo na harufu mbaya unadai saa nane au zaidi. Ukimfuata mapema ataamka, ataenda kilomita nyingi, na hutampata.

Akianguka, adui ni joto. Ngozi yake nene huhifadhi joto kiasi kwamba nyama iliyo karibu na mfupa wa paja huoza hata usiku ukiwa baridi. Mlaze ubavu, pasua ngozi kando ya uti wa mgongo, ichune kuelekea tumboni. Mguu wa mbele hauna kiungo cha mfupa kwa mfupa, hukatwa kwa kisu tu. Wa nyuma hutolewa kwenye nyonga. Toa minofu ya mgongo na shingo, mgeuze, rudia. Acha ushahidi wa jinsia ukiwa umeshikamana na kipande kimoja cha nyama, kama sheria inavyotaka. Tumia mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, kamwe si nailoni, na uitundike kivulini, mbali na matumbo, kwa sababu dubu watakuja.

Dume mkubwa hutoa kilo 80 hadi 100 za nyama isiyo na mifupa. Kwa mtu mmoja ni safari nne za kilo 20 hadi 25. Kama barabara iko kilomita 3, hizo ni kilomita 21 za kutembea, 12 kati yake ukiwa na mzigo. Piga hesabu hiyo kabla ya kumfuata dume anayelia bonde la tatu.

Ukivuka jimbo, ubongo na uti wa mgongo viache, maana majimbo mengi yanakataza kuviingiza kwa ajili ya ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu hadi kufa. Peleka kichwa kipimwe kwanza, na nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke. Ikiwa mnyama alikuwa na ugonjwa huo, usiile.