Maswali ya wasomaji: kukata visivyotakiwa kwenye video za kanda za zamani

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu kanda za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta, nimechagua nne zinazogusa mambo ambayo wengi mnauliza.

Swali: Shikamoo fundi. Tulikuwa na kanda za VHS za harusi ya wazazi mwaka 1996 na sherehe zingine za nyumbani, jamaa mwenye deki akatuhamishia zote kwenye hadidiski. Sasa kila kanda ni faili moja la masaa matatu, humo ndani kuna chenga, kuna kioo cha bluu tu dakika nzima, kuna sehemu kamera imesahauliwa inawaka inapiga miguu ya watu na sakafu, halafu katikati ya harusi mtu karekodi mechi ya Kombe la Dunia 98. Nataka nitoe uchafu wote. Naanzia wapi, na je nikiitoa mechi, harusi iliyokuwa chini yake itarudi? — Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana najua ndo linalokuuma, hapana, haitarudi. Deki ikiwa inarekodi kuna kichwa cha kufutia ambacho mkanda unapita hapo kwanza, kinafuta kila kitu ndo picha mpya iandikwe, kwa hiyo chini ya ile mechi hakuna harusi tena. Kata mechi bila wasiwasi, ila muulize kwanza aliyeirekodi, wengine wanazitaka hizo.

Kabla ya kukata chochote, faili la masaa matatu kama ulivyopewa liache hivyohivyo, likopi sehemu mbili tofauti na moja iwe nje ya nyumba yako, kwa dada au kwa mjomba, halafu kazi yote ufanye kwenye kopi. Nasisitiza hili kwa sababu kanda zenyewe zinaoza, na deki mpya hazitengenezwi tena, kampuni ya Funai ya Japani iliyokuwa imebaki ikaacha mwaka 2016, sasa ukikata vibaya na mkanda ukawa umeshaota ukungu hakuna pa kurudi.

Programu ya kutumia ni LosslessCut, ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na laptopu ya kawaida inaiweza kwa sababu haiichakati picha upya, inakata tu na kuandika. Fungua faili, nenda pale kipande kizuri kinapoanza bonyeza I, kinapoishia bonyeza O, endelea hivyo hadi mwisho wa kanda, kisha toa vipande, ama kimoja kimoja ama uiambie programu iviunganishe kuwa faili moja. Angalia hapa wengi wanachanganya: unavyotia alama ndo VINAVYOBAKI siyo vinavyotolewa. Kama uchafu ni kidogo na kizuri ni kingi, kuna kialama cha duara jeusi na jeupe, ukikibonyeza inageuza, unatia alama kwenye uchafu. Na kwenye menyu kuna sehemu ya kutafuta vipande vyeusi, inakutafutia yenyewe pale kamera ilipofunikwa kifuniko, ila chenga na bluu itabidi uzitafute kwa macho.

Sasa ile miguu na sakafu. Naomba usiikate kabla hujaisikiliza na spika za masikioni. Kamera ikisahauliwa inawaka watu wanaongea kama kawaida yao, hawajapanga mstari wala hawajarekebisha nguo, na mara nyingi sauti ya bibi au ya baba aliyeshika kamera iko hapohapo na kwingine kote hakuna maana mshika kamera haonekani kwenye picha zake mwenyewe. Mi naona uchafu wa kweli kwenye kanda ni chenga, bluu, weusi usio na sauti, na vitu vya tivii. Vingine vyote vitoe kwenye kopi ya kuangalia na wageni ukipenda, lakini kipande chenye sauti ya mtu kihifadhi kama faili lake, liandike jina la anayesikika na mwaka.

Swali: Nimeitumia hiyo LosslessCut, kazi nzuri, lakini kila kipande mwanzo wake picha yaganda na sauti yaendelea, ama chaanza sekunde kadhaa kabla ya pale nilipokata. Tatizo ni kompyuta yangu? — Mombasa

Jibu: Kompyuta haina kosa. Video nyingi siku hizi zinabanwa kwa mtindo wa H.264, na humo siyo kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, ni picha nzima, picha nzima inakuja mara moja moja tu na katikati yake zinaandikwa tofauti peke yake, nini kimesogea, nini kimebadilika rangi. Ukikata katikati ya tofauti hizo hakuna picha ya kuanzia. Programu ya kubana video inayotumika sana isiporekebishwa inaruhusu hadi fremu 250 kati ya picha nzima moja na nyingine, na video zetu za PAL, mfumo wa tivii wa huku kwetu, zina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kukosea hadi sekunde 10.

Dawa yake, tumia kitufe cha kuruka hadi picha nzima iliyo karibu na uanzie hapo, kubali kubaki na sekunde kadhaa za ziada. Kama ulipewa DVD shida hii hutaiona sana maana DVD ya PAL haizidishi fremu 15, na kama ilikuwa kanda ya MiniDV, zile ndogo za kamera za kidijitali, na ukapewa faili lake halisi la DV basi kila fremu ni picha nzima, kata popote. Gharama yake ni ukubwa, saa moja ya DV inakula kama GB 13. Ukitaka kukata palepale kabisa kwenye H.264 itabidi uchakate upya kwa Shotcut, nayo ni ya bure, ila fanya mara moja tu kutoka kwenye faili la kwanza, usichakate kilichochakatwa maana kila mara picha inafifia.

Swali: Assalaam aleikum. Niko Muscat, kwetu ni Unguja. Kanda za harusi ya dada yangu zina sehemu za wanawake peke yao, kupamba bibi harusi, ngoma ya ndani, wako vichwa wazi. Familia yote wanataka video kwenye grupu la WhatsApp. Nikizikata inatosha?

Jibu: Wa aleikum salaam, nashukuru umeuliza kabla hujatuma. Kwa jambo hili LosslessCut USIITUMIE. Kama nilivyomjibu wa Mombasa, ikikata lazima ichukue na fremu za nyuma hadi kwenye picha nzima, na kwenye faili la MP4 zile fremu za ziada zinaweza kubaki ndani zimeandikiwa tu kwamba zisionyeshwe. Programu moja ya kuangalizia video inazificha, nyingine inazionyesha, kwa hiyo sekunde kadhaa za wale wanawake zinasafiri na faili na wewe hujui. Hapa chakata upya kwa Shotcut au programu nyingine ya kuhariri, DaVinci Resolve, hapo kilichokatwa hakimo kabisa. Usihangaike na kufunika nyuso kwa ukungu, mtu anacheza, anageuka, fremu moja ikikosewa imekosewa.

Na kazi yenyewe afanye mwanamke wa familia, wewe kama ni mwanaume usikae kuangalia ili ujue pa kukata. Wanaoonekana waulizwe, hata wa nyuma kabisa waliopita na sinia. Sauti pia ikaguliwe, nyimbo za ndani siyo za kila sikio. Zile sehemu zenyewe zisitupwe, dada apewe kwenye flashi yake. Flashi uliyofanyia kazi usimwazime mtu hata kama umeshafuta, faili lililofutwa linarudishwa kirahisi kwa programu za kawaida. Ukituma kwenye grupu tuma kama dokumenti, WhatsApp inapokea hadi GB 2, ukituma kama video inabanwa mpaka nyuso hazitambuliki.

Swali: Chini ya picha kuna mistari inacheza kanda nzima. Nayo nikate? — Nakuru

Jibu: Ni pale vichwa vya deki vinapopokezana kusoma mkanda, ilikuwepo tangu zamani ila tivii za kichogo zilikuwa zinaficha kingo za picha. Kwenye faili la kwanza iache. Kwenye kopi ya kuangalia weka utepe mweusi kufunika, mistari kama kumi hivi kati ya 576 inayounda picha ya PAL inatosha, ni salama kuliko kupunguza picha chini tu halafu ikavutwa ijaze kioo, hapo watu wote wanarefuka.