R mraba yangu ni 0.97, mbona kazi imerudishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili wa uchumi hapa Dodoma. Nimechukua pato la taifa na hewa ya ukaa ya Tanzania, mwaka hadi mwaka, miaka 30. Regresheni, yaani mstari wa kukadiria hewa ya ukaa kutokana na pato, imenipa R mraba (sehemu ya mabadiliko inayoelezwa na mstari huo) ya 0.97, lakini msimamizi ameirudisha kazi na kuandika maneno mawili tu: "uhusiano bandia". Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu hukukosea. Kosa ni kuiamini hiyo 0.97.

Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa nawaita wanafunzi wawili mbele, kila mmoja na sarafu yake. Warushe mara 50: kikija kichwa ongeza moja, ukija mwenge toa moja, na jumla ichorwe ubaoni. Mara nyingi mistari ile miwili ilionekana kufuatana au kupishana, na darasa likaanza kueleza sababu! Sarafu hazijuani. Wanauchumi Granger na Newbold walifanya mchezo huohuo kwa kompyuta mwaka 1974. Kipimo cha kawaida kilidai kuna uhusiano karibu robo tatu ya mara zote. Kabla yao, mwaka 1926, mwanatakwimu Udny Yule alionyesha kuwa sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana Uingereza na kiwango cha vifo nchini humo, 1866 hadi 1911, vilifuatana kwa 0.95, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu. Vyote viwili vilikuwa vinashuka tu.

Kaskazi ikivuma, majahazi mawili yataelekea kusini pamoja bila kufungwa kamba. Kihori kinachokokotwa na jahazi ni jambo jingine: kinayumba huku na huku, lakini hakiachwi mbali. Kamba hiyo, yaani uhusiano wa kweli wa muda mrefu kati ya mifululizo miwili, ndiyo kointegresheni, waliyoiandikia Engle na Granger mwaka 1987.

Basi anza na jaribio la Dickey na Fuller, linalopima kama mfululizo unatangatanga kama jumla ya sarafu zile, kwa kila mfululizo. Ikiwa yote miwili inatangatanga, fanya regresheni, kisha chukua mabaki, yaani tofauti kati ya takwimu halisi na mstari, uyachore. Yakirudi sifurini kila mara, kamba ipo. Yakipotelea mbali, haipo. Ukiyapima kwa jaribio lilelile, usitumie jedwali lake la kawaida la viwango vya kuamulia, kwa sababu regresheni imekwisha kuchagua mstari unaoyafanya yaonekane matulivu; mabaki yana jedwali lake. Kamba ikiwepo, pima kasi ya kurudi: -0.25 maana yake kila mwaka robo ya pengo inazibwa.

Linaloniuma zaidi ni takwimu zenyewe. Mfululizo wa hewa ya ukaa ambao wanafunzi wengi hupakua unahesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Mkaa wa Tandale na kuni za Singida havimo, na huko ndiko Watanzania wengi wanakopikia. Tena, mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipungua, tukaingia kwenye mgao wa umeme, jenereta zikanguruma kila mtaa. Moshi ule uliletwa na ukosefu wa mvua, wala si kukua kwa pato. Ukiwa na nukta 30 tu, mwaka mmoja wa namna hiyo unatosha kukufanya useme kamba imekatika.

Nitumie mchoro wa mabaki, jedwali la R mraba liache. Na hapo kwenye 2004 na 2006 weka alama kwa kalamu nyekundu.