Re: Fimbo ya kuvulia besi mtoni, futi 6 au 7?

Karibu kaka. Kwa vile umesema utavua besi wa mdomo mdogo (samaki wa maji baridi) kwenye mto Susquehanna hapo Harrisburg, Marekani, tena unaingia majini kwa miguu sio boti, mi ningechukua futi 7, labda 6 na nusu kama sehemu zako zina matawi mengi kingoni. Urefu unakusaidia kuunyanyua uzi juu ya mkondo, maana maji yakiukamata tu yanauburuta na chambo kinahama pale ulipotaka kikae, na mto wenyewe pale ni mpana, maji mafupi, chini mawe matupu.

Nguvu ya fimbo chukua midiamu-laiti, yaani kati ya nyepesi na ya wastani, ekshen fasti, yaani inapinda kuanzia nchani, hapo utasikia kabisa chambo kikigonga jiwe na samaki akikigusa. Soma maandishi juu ya mpini, yawe uzi wa pauni 6 hadi 10, chambo kati ya gramu 3 na 14 hivi. Kwa plastiki laini zinazoiga kamba wa mtoni inatosha sana, ila kama wewe ni mtu wa krankibeti kubwa (chambo kigumu cha umbo la samaki) basi panda midiamu, ile ya wastani. Zile hevi, yaani nzito, waachie wanaovua kwenye majani mazito, besi wa mdomo mdogo hahitaji winchi bwana.

Rili (kile kifaa cha kukunjia uzi) saizi 2500, uzi wa kusuka pauni 10, mbele unga floro (uzi wa fluorokaboni, mgumu kukwanguka) ya pauni 8 kama mita moja, maana mawe yanakwangua vibaya. Na usimalize hela yote kwenye fimbo, bakiza ya viatu vya majini, kule kunateleza si mchezo.