Kabla Hujanunua Ndege: Kwa Anayeanza Kujifunza Urubani

Anayeanza kujifunza kurusha ndege ndogo huja na maswali mawili kwa pamoja: leseni itanigharimu kiasi gani, na je, si afadhali ninunue ndege yangu nijifunzie humo humo? Nimeulizwa hivyo mara nyingi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilikosomea na ninakorukia hadi leo. Jibu langu kwa yote mawili linaanzia mahali pamoja. Kinachokula pesa katika urubani ni kukaa. Mwanafunzi akikaa wiki tatu bila kuruka, mkono unasahau. Injini ikikaa miezi mitatu bila kuruka, inashika kutu. Mengine yote nitakayoyasema yanafuata hapo.

Anza na daktari. Kabla hujalipa shilingi moja ya masomo, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, akupime. Rubani binafsi anahitaji cheti cha afya cha daraja la 2. Ukiwa na nia ya kuendelea hadi urubani wa kazi, pima daraja la 1 mapema, maana tatizo la macho au la moyo ni heri ulijue pesa zako zikiwa bado mikononi mwako.

Halafu piga hesabu. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 angani, au 35 ukisoma chini ya mtaala ulioidhinishwa. Ndani yake mna saa 10 za kuruka peke yako, pamoja na safari moja ya peke yako isiyopungua kilomita 270, yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Matangazo ya shule hupenda kuzidisha bei ya saa moja kwa 40, basi. Usipange hivyo. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, na wengi ninaowafahamu wamemaliza wakiwa wamevuka 50. Panga kwa saa 60, na usianze kuruka mpaka uwe na sehemu kubwa ya fedha hizo tayari. Huku ukizikusanya, soma nadharia: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, mwili wa binadamu na mwinuko, mawasiliano ya redio. Vitabu havina saa ya injini.

Nasisitiza jambo hili la fedha kwa sababu nimewaona vijana wenye vipaji wakikwama. Analipa saa mbili mwisho wa mwezi, anaruka, anangoja mshahara mwingine. Kila akirudi, nusu saa ya kwanza inakwenda kwa kurudia ya mwezi uliopita, na nusu saa hiyo inalipiwa bei ile ile. Mwaka unakwisha bado yuko kwenye kutua. Mwenzake aliyesubiri, akajikusanya, kisha akaruka mara tatu kwa wiki, anamaliza kwa saa pungufu na pesa pungufu, tena anaruka vizuri zaidi.

Lakini kuwa na fedha zote si sababu ya kuzikabidhi zote. Shule ikikuomba ulipe kozi nzima mapema kwa ahadi ya punguzo, kataa kwa heshima, ulipe kwa saa tano tano. Ndege za mafunzo huharibika, wakufunzi huhamia mashirika, na shule ikiishiwa ndege mwanafunzi aliyelipa yote hana pa kukamata. Uliza pia saa zinahesabiwaje. Kuna kipimo kinachoanza kuhesabu mara injini inapowashwa, na kuna kile kinachofuata mzunguko wa injini, ambacho kwenda polepole ardhini hukihesabu kidogo. Pale Wilson tofauti hiyo ni fedha halisi. Asubuhi unapanga foleni nyuma ya ndege za Caravan za watalii, ndege za miraa, helikopta na ndege za misaada, na propela yako inazunguka wakati wote huo. Ndiyo sababu wakufunzi wengine hupenda kumpeleka mwanafunzi nje ya jiji, kwa mfano Orly upande wa Kajiado, akafanye mizunguko yake ya kutua bila kubanwa. Hata hivyo Wilson yenyewe ni shule. Kiwanja hiki chenye jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, kitakufundisha kusikiliza redio kuliko kiwanja chochote kitulivu. Mnara unazungumza haraka, kwa Kiingereza, na unatarajia urudie maagizo bila kusita. Kaa pembeni na redio ndogo, usikilize siku nzima kabla ya somo lako la kwanza. Hakuna ada.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Marekani na Ulaya hulitaja kwa kupita tu, nasi ndilo letu la kila siku: mwinuko. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa ya kawaida ya vitabu, mahali pa juu namna hiyo pangekuwa na nyuzi joto 4. Mchana wa Februari Nairobi ina 26 au zaidi. Joto hilo linaifanya hewa iwe nyepesi, na ndege inajiona kama iko futi 8,000 na kitu, ingawa magurudumu yake hayajaacha lami. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban robo ya nguvu zake hapo. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, yenye nguvu farasi 160 inabaki na kama 120 hivi. Bawa nalo lina hewa haba ya kushika. Matokeo yake, umbali wa kuruka hukaribia mara mbili ya ule wa Malindi au Zanzibar, na baada ya kuinuka, ndege hupanda kwa unyonge.

Hapa kuna kipini chekundu ambacho mwanafunzi hukiogopa. Ndicho kinachopunguza mafuta yanayoingia kwenye injini. Pwani unakisukuma ndani chote, unaruka. Wilson ukikisukuma ndani chote, injini inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inakohoa, plagi zinajaa masizi, na nguvu chache zilizobaki zinapungua tena. Kitabu cha Cessna 172 kinasema wazi kwamba ukiwa juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka, fungua nguvu zote za injini ukiwa umesimama, kisha vuta kipini polepole mpaka mzunguko wa injini ufike kilele chake. Lifanye jambo hilo kwa sikio na kwa macho. Utaona mshale ukipanda kidogo kidogo na sauti ikisafika, halafu ukizidisha kuvuta, mshale unaanza kushuka. Hapo rudisha kidogo. Mwombe mkufunzi akurudishie zoezi hilo mpaka ulifanye bila kuambiwa, kwa sababu siku utakapokuwa na abiria wawili na tangi zimejaa, mbele yako kuna uzio wa kiwanja, na hutapata muda wa kujifunza hapo.

La pili linalotokana na mwinuko ni macho kudanganyika. Kipimo cha mwendo kinasoma noti 65 (maili za baharini kwa saa) unapokuja kutua, sawa na Mombasa, lakini katika hewa nyepesi ya Nairobi mwendo wako halisi ni kama 73. Ardhi inapita kasi. Rubani aliyesomea pwani anapokuja juu huona anakimbia mno, huinua pua kupunguza mwendo, na hapo ndipo hatari ilipo, karibu na ardhi, bawa likikaribia kuachia hewa. Amini kipimo. Acha macho yazoee.

Na milima ya Ngong. Upepo wetu hutoka mashariki sehemu kubwa ya mwaka, unapanda mgongo wa Ngong kisha unaporomoka upande wa Bonde la Ufa. Ukirudi Nairobi kutoka Magadi au Narok unaukuta huo mporomoko ukiwa upande wake, katika ndege ambayo tayari inapanda kwa shida. Pata kimo mapema, ukiwa bado mbali bondeni, na uvuke mgongo kwa pembe ili uweze kugeuka ukishuka. Ikiwa kimo hakijatosha, geuka. Kuzunguka mara moja bondeni hakugharimu kitu ukilinganisha na mteremko ule.

Kuhusu mafuta nina maneno machache tu. Chota sampuli katika kila tangi, kila asubuhi, na kila baada ya kujaza. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu. Ukiona tone linalotulia chini ni maji, na ukiona haina rangi na inanukia mafuta ya taa, mtu amekutilia mafuta ya ndege za injini za jeti. Usiruke.

Sasa kununua. Usinunue ndege ya kujifunzia kabla hujafanya angalau safari yako ya kwanza ndefu ya peke yako. Kabla ya hapo hujui unapenda kuruka kwa namna gani: kutembea Jumamosi juu ya Naivasha, kufika shambani Laikipia, au kusafirisha familia kwenda Lamu. Ndege za kazi hizo tatu ni tofauti kabisa.

Ukishajua, fanya hesabu hii. Gharama za ndege ziko za aina mbili: zinazofuata saa unazoruka, na zisizojali kama unaruka au huruki. Tuseme hanga (banda la ndege), bima na ukaguzi wa mwaka vinakula dola 9,000. Ukiruka saa 30 kwa mwaka, kila saa inabeba dola 300 kabla hujatia hata lita moja. Ukiruka saa 120, kila saa inabeba 75. Juu yake ongeza mafuta, lita 30 hadi 35 kwa saa katika Cessna 172, na akiba ya injini. Injini ya Lycoming ya ndege hiyo inapendekezwa kufunguliwa upya kila saa 2,000. Kama kazi hiyo ni dola 30,000, weka kando dola 15 kila saa unayoruka, tangu saa ya kwanza. Kwa mtu anayeruka chini ya saa 100 kwa mwaka, kukodi ni nafuu karibu kila mara.

Ukiamua kununua, jua unachokutana nacho sokoni. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege hizi ndogo mwaka 1986, ikaanza tena katika miaka ya 1990. Kwa hiyo nyingi zinazouzwa kwa bei ya mtu wa kawaida zina umri wa zaidi ya miaka 40. Umri peke yake haunitishi. Kinachonitisha ni rangi mpya na vitabu pungufu. Ndege ina kumbukumbu za bodi, za injini na za propela. Vikikosekana vya miaka kadhaa, huna njia ya kujua kama iliwahi kugonga chini au kama maagizo ya lazima ya usalama yametekelezwa. Soma vitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa kabla hujaigusa ndege yenyewe.

Kisha leta fundi wako, si wa muuzaji. Apime mgandamizo wa kila silinda. Akate kichujio cha mafuta ya injini, akifungue kama karatasi na kutafuta chembe za chuma. Aangalie reli za viti: tundu linaloshikilia pini ya kiti likilika, kiti huteleza nyuma wakati ndege inapanda, rubani huvuta usukani akijishikilia, na watu wamekufa hivyo katika ndege za Cessna. Kama iliishi Mombasa, Malindi au Unguja, afungue vifuniko vyote vya mabawa achungulie kutu ya chumvi ndani. Tena tazama tarehe. Injini yenye saa 600 tu tangu ifunguliwe inasikika vizuri, ila kama saa hizo zimeenea miaka 18, ilikuwa imekaa. Katika Lycoming, kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, iko juu, mafuta yake huchuruzika yote ikikaa, na kutu huanzia hapo ambapo huwezi kuiona kwa urahisi.

Fikiria pia ndege mpya zaidi zenye injini ya Rotax 912. Hubeba kidogo, lakini hutumia petroli ya magari na hunywa kama lita 20 kwa saa. Ukitoka nje ya miji mikubwa, petroli ya ndege ni adimu, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi ni watu wanne kununua ndege moja. Andikeni mkataba kabla ya kutoa fedha: nani analipa nini hata asiporuka, anayetaka kutoka anauzaje sehemu yake, nani anachukua ndege Krismasi na Pasaka, na akiiharibu nani analipa kile ambacho bima haikulipa. Wekeni akaunti moja ya akiba ya injini isiyoguswa kwa jambo lingine. Na wekeni sharti kwamba ndege isilale zaidi ya wiki mbili. Kuiwasha tu nje ya hanga dakika kumi hakusaidii, kunaongeza unyevu ndani ya mafuta ya injini. Anayepangiwa zamu airushe saa nzima, mpaka mafuta yapate joto lake kamili, na mafuta yenyewe yabadilishwe kila saa 50 au kila miezi 4, lolote litakalotangulia.